Kisima cha Chiriku

Mke wangu alivaa kofia. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa sikuwahi kumwona na kofia, hata siku ile mvua ya mawe ilipotukuta sokoni tukajifunika sinia. Lakini siku hiyo, alfajiri saa kumi na moja na nusu, alitoka chumbani na kofia ya ukili yenye ukingo mpana na utepe wa kijani, na miwani ya jua aliyoazima kwa binti yetu.

"Kofia ya nani hiyo?"

"Yangu. Shemeji amesema jua la kule halina adabu."

"Na mimi sikukuambia hivyo miaka yote?"

"Wewe uliniambia jua la kule linakaanga mayai juu ya jiwe. Habari za kofia hukuzitaja."

Shemeji mwenyewe alikuwa nje, anafuta kioo cha gari lake kwa kitambaa cheupe. Kazini tulimwita Darubini. Alikuwa mpimaji wa ardhi, na maisha yake aliyapitisha jicho moja limefumbwa na la pili limebandikwa kwenye darubini ya kupimia. Mimi waliniita Wino, kwa kuwa nilikuwa mchora ramani. Yeye alizurura nyikani miezi tisa kwa mwaka akijaza tarakimu kwenye daftari. Mimi nilikaa kwenye meza yangu ya mwinuko, ghorofa ya pili, dirisha la tatu, nikizigeuza tarakimu zake kuwa milima. Tulistaafu mwaka mmoja. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kila Ijumaa huja kwetu kunywa chai. Ana miaka sabini na miwili na meno yake yote. Akicheka unaweza kuyahesabu, na mke wangu humchekesha mpaka hesabu ikamilike.

"Shemeji, kaa mbele," Darubini alimwambia mke wangu, akamfungulia mlango. "Miguu isije ikavimba."

Hata yangu huvimba. Hakuna aliyeuliza. Nikapanda nyuma, kati ya madumu mawili ya maji, gurudumu la akiba, ndoo, beleshi na kapu la mayai ya kuchemsha, nikakunjana kama shati lililosahauliwa sandukuni.

Wivu peke yake ningeumudu. Nimeuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kilichokuwa kikinitafuna ni kwamba tulikuwa tunakwenda kukiangalia kisima cha mke wangu, na kisima hicho hakikuwepo.

Katika chumba chetu cha kuchorea palikuwa na desturi. Kila ramani iliyotoka pale ilifichwa uongo mmoja mdogo: kona ya mto isiyokuwepo, kijia kisichokwenda popote, kilima cha ukubwa wa kichuguu. Tuliuita chambo. Ofisi nyingine ikituibia ramani na kuinakili, ingenakili na chambo chake, nasi tungeikamata mkono ukiwa bado mfukoni. Chambo kilijulikana na watu wawili tu, mchoraji na mkuu wa chumba. Wapimaji hawakuambiwa kamwe. Wapimaji wana kiu, na mwenye kiu huongea.

Ramani ya bonde la mawe ilinifikia mezani mwaka ule ule nilioanza kumfuatafuata mkunga mmoja wa zahanati ya jirani. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno. Baba yake alimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa. Naye alikuwa ameshamwona Darubini akirudi kutoka nyikani, ngozi imeungua vizuri, buti zimejaa vumbi la mbali, na alikuwa akimtaja mno kuliko nilivyopenda. Siku moja akaniuliza, "Na wewe, huwa unakwenda huko?"

Nilikuwa na wino kwenye vidole na makalio yaliyoshika umbo la kiti. Nikasema, "Tunapokezana."

Juma lile lile nikachora chambo changu. Kwenye kona ya mto mkavu, chini ya mwamba mrefu kuliko yote, niliweka kiduara cha buluu, na pembeni yake, kwa herufi ndogo za kulala, nikaandika: Kisima cha Chiriku. Mkuu wa chumba akadhani ni ndege. Mkunga hakudhani ni ndege. Nilimpelekea nakala ndani ya bahasha, nikamweleza jinsi nilivyopotea siku tatu, jinsi ngamia alivyonihurumia akalia nami nikayanywa machozi yake, jinsi nilivyokiona kisima na kukipa jina la mtu pekee niliyemkumbuka katika kiu yangu. Miezi minne baadaye tulioana. Wenzangu walioa kwa sura, wengine kwa mali. Mimi nilioa kwa kisima.

Ramani hiyo iko sebuleni kwetu, ndani ya fremu, juu ya kochi. Darubini hukaa chini yake kila Ijumaa na hajawahi kusema neno. Yeye ndiye aliyelipima bonde lile, na alijua kuliko mtu yeyote kwamba hakuandika kisima. Mara ya kwanza mke wangu alipomwambia, "Hicho ni changu, mume wangu ndiye aliyekigundua," alibadilika rangi, akasema, "Ndiyo, shemeji," akainamia kikombe. Nikajua ameficha kisu na anasubiri siku yake. Basi Ijumaa iliyopita mke wangu akasema anataka akione kisima chake kabla magoti hayajamgomea, na mimi sijamaliza kukohoa, Darubini akasema, "Nitawapeleka."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wangepanda gari lile pamoja nami wangebadili usemi. Zilikuwa kilomita mia nne, na zote niliziona zikipita katikati ya mabega mawili, la Darubini na la mke wangu. Nilipima nafasi ile kwa jicho, kazi niliyoifanya miaka thelathini. Lami ilipokwisha palikuwa na shubiri tatu. Baada ya mashimo ya kwanza zikabaki mbili na nusu.

"Shemeji, unaona njaa?" mke wangu alimuuliza, na hakusubiri jibu, akammenyea yai, akalitia chumvi, akamtilia mkononi kama anayempa mtoto dawa. Mimi nilimenya langu mwenyewe, na maganda yakanirudia usoni kwa upepo wa dirisha lao.

"Baba watoto, mbona kimya?" alisema bila kugeuka. "Uliniambia barabara hii ina wanyang'anyi wanaopanda mbuni."

"Wamestaafu."

Darubini akacheka. Mke wangu akacheka kwa kuwa Darubini amecheka.

"Na nyie enzi hizo mlikuja na nini, shemeji?"

"Lori moja, vibarua sita, na mpishi aliyejua kupika kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Kuchelewa."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mkono wa kiti, na mkono wa kiti ulikuwa jirani mno na mkono wa mtu. Nikaanza kukohoa. Nikakohoa hadi wakasimamisha gari kunipa maji. Tulipoondoka tena palikuwa na shubiri mbili na robo, hivyo kikohozi hakikunisaidia kitu.

Saa sita kasoro gari lilipanda tuta la mchanga, likajikaza, likafika juu, na bonde likawa chini yetu.

Nilikuwa nimelichora bonde lile kwa mkono wangu, kila mstari. Sikuwa nimeliona. Nawaambia ukweli, na si kila siku nausema: nilisahau wivu kwa muda wa pumzi tatu. Mawe mekundu kama tofali lililoiva yalisimama juu ya mchanga mweupe, kila moja peke yake, kama vyombo vya majitu waliohama wakaahidi kurudi kuchukua vilivyobaki. Kiti kimepinduliwa. Chungu kimekalia jiwe jembamba. Kabati bila milango, na anga la buluu limewekwa ndani yake. Upande wa kulia yalijipanga mawe manene kumi au kumi na mawili, yamebinuka matumbo.

"Angalia wale," mke wangu alisema polepole. "Kama foleni yangu ya zahanati siku ya Jumatatu. Kila mmoja kashika kiuno."

"Yule wa mwisho miezi tisa imempita," alisema Darubini.

Pumzi yangu ya nne ilikuja na wivu wake.

Tulishuka. Na hapo mke wangu akaanza kunisahihisha kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

"Ulisema chungu kimekaa juu ya kidole. Hiyo ni ngumi."

"Kidole kimenenepa. Miaka thelathini na minane, nani hajanenepa?"

"Na ulisema mawe haya yanaimba."

Nilikuwa natafuta la kusema, Darubini akanitangulia. "Yanaimba, shemeji. Upepo ukitoka kaskazini unapita kwenye lile kabati. Vibarua wangu walikuwa wakikataa kulala karibu nalo."

Kumbe yanaimba kweli. Nilimchukia zaidi kwa kunisaidia. Adui akikurefushia kamba, anataka ujinyonge kwa nafasi.

"Na ule mrefu kule mwisho," aliendelea, akionyesha kwa kidevu, "ule ndio mkubwa wao. Mita sabini hivi, kama sijasahau."

"Themanini na mbili," nilisema kutoka nyuma.

Nikaendelea kabla hawajageuka.

"Na nyuma yake mgongo unashuka taratibu hadi mtoni, na ubavuni mwake kuna jiwe dogo ambalo kutoka hapa hulioni. Umbo la kiatu."

Tulizunguka. Mgongo ulishuka taratibu. Kiatu kilikuwepo. Tarakimu hazisahauliki ukizichora kwa wino mweusi na kuzikwangua kwa wembe mara mbili. Mke wangu alivua miwani ya jua, akageuka, akanitazama kwa macho yake yenyewe, yale ya zahanati ya jirani. Mabega yakaachana shubiri tatu kamili.

Utamu huo uliishi dakika moja. Mbele yetu palikuwa na kona ya mto mkavu, na Darubini alikuwa akipunguza mwendo. Nilikuwa na uongo wangu tayari, nimeufanyia mazoezi bafuni tangu juzi: upepo wa jangwa ni mchawi, kisima kimefukiwa, dunia imebadilika. Hata machozi ya kuusindikizia nilikuwa nayo. Gari likasimama, nikafungua kinywa, na uongo ukafia mlangoni.

Kisima kilikuwa pale.

Duara la mawe yaliyopangwa kwa ustadi, upana wa mtu kunyoosha mikono, mchanga umekijaza ukabakiza kina cha kifua. Kilikuwa pale pale nilipokiweka, hatua mia kutoka kwenye mwamba. Nilishuka garini nikayagusa mawe. Yalikuwa ya moto na ya kweli. Nimesikia watu waliodanganya mpaka wakajiamini; sijasikia mtu aliyedanganya mpaka ardhi ikatoboka.

Chiriku, aliyesema kabla ya kutambaa, hakusema kitu. Alipiga magoti, yale magoti yanayotaka kumgomea, akapitisha kiganja juu ya jiwe moja baada ya jingine. Kisha akainuka, akaja, akaweka kichwa begani kwangu. Ukingo wa kofia ulinichoma jicho na sikuuondoa.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho," nilisema. Kwa nini nisiseme? "Lile jiwe la kona nililiweka mwenyewe. Nilichimba siku mbili, kwa sahani ya bati."

Nilipaza sauti ili Darubini asikie. Alikuwa amesimama kando ya gari, kofia yake mkononi, uso kama wa mtu anayesubiri daktari atoke.

"Wino," alisema, "nisamehe. Shemeji, na wewe unisamehe. Hiki sicho."

"Sicho vipi?" aliuliza mke wangu.

"Ndiyo sababu nimewaleta. Nimeshindwa kuyasema chini ya ile fremu." Aliigeuza kofia mkononi. "Ramani ilipochapishwa niliona kisima ambacho sikukiandika. Nikajua mkuu amemtuma Wino nyuma yangu kunikagua, naye amekiona kilichonipita. Mpimaji kupitwa na kisima jangwani, shemeji, ni kama mkunga kupitwa na pacha wa pili."

Mke wangu akashika mdomo. Mfano ulikuwa umemwingia.

"Mwaka uliofuata nikatumwa kuhakiki alama zangu. Nikakitafuta siku sita. Sikukiona. Ningerudi niseme nini? Kwamba mwenzangu anayeshinda kwenye kiti amekiona na mimi nimepofuka? Basi nikasimama pale pale ramani inaposema, nikawaambia vibarua wachimbe. Siku ya nne, kimo cha mtu na nusu kwenda chini, mchanga ukalowa. Tukapanga mawe, nikaandika kwenye daftari: kisima kipo. Na kila Ijumaa nakunywa chai yenu kama mwizi. Kisima chako cha kweli, Wino, kiko mahali fulani humu bondeni, na mimi sijawahi kukiona."

Mtu mwema angeanguka magotini hapo hapo. Mimi nilisema, "Hata mimi niliona yale mawe yamepangwa vibaya."

Mke wangu akaondoa kichwa begani. "Si umesema la kona uliliweka mwenyewe?"

"Nililifananisha. Mawe ni kama watoto wachanga, yote yanafanana."

"Watoto wachanga hawafanani hata kidogo," alisema mkunga. Kisha akafunga utepe wa kofia chini ya kidevu. "Haya. Tukitafute chako."

"Jua hili?"

"Nimekuja kilomita mia nne. Cha shemeji ni kizuri, lakini mimi sikuchumbiwa na cha shemeji."

Darubini alikuwa ametua mzigo wa miaka yote ile na alionekana kijana wa hamsini. "Mimi nakushika mkono, shemeji. Wino, tuelekeze."

Nikawaelekeza, Mungu anisamehe. Nilisema kisigino kinanisumbua, nikakaa kivulini, mgongo kwenye jiwe moja, na kwa kidole changu cha shahada nikawatembeza bondeni kama nilivyokuwa nikitembeza kalamu. "Kushoto kidogo. Pale penye jiwe kama goti. Hapana, goti lile jingine." Kwanza ilininogea. Darubini aliyekuwa akirudi ofisini na buti zake za vumbi, huyo hapo anatimua mchanga akitafuta kitu ambacho nilikichora nikiwa nakula karanga.

Lakini macho nayo yana ubaya wake, yanaona kila kitu. Nikaona mke wangu anajikwaa na mkono wa Darubini unamzunguka kumzuia. Nikaona hajikwai tena na mkono bado uko pale. Wakapanda mgongo wa mwamba, Darubini mbele, anamvuta mke wangu kwa vidole viwili, kisha vinne. Upepo ukachukua kofia; mzee yule, na magoti yake mabovu, akaikimbilia kama anafukuza kuku wa sikukuu, akairudisha, akamvisha, akamfunga utepe. Alichukua muda mrefu kufunga fundo ambalo mimi ningelifunga kwa kufumba macho. Mke wangu alisema kitu. Darubini akajibu kitu. Sikusikia hata neno moja, na waliinama wakacheka.

Uongo wangu mwenyewe ndio uliokuwa umemshika mkono. Ungekuwa mtu, ningemshtaki.

Saa tisa na nusu mke wangu aliniita kutoka juu, mikono kinywani. "Baba watoto, usijali. Hata kama ni kulala huku, tutakipata."

"Hakuna shida kabisa, shemeji," nikasikia Darubini, maana alikuwa amegeukia upande wangu. "Nina hema."

Dhamiri yangu ilikuwa imelala miaka thelathini na minane na ningeiacha iendelee. Kilichoniinua ni lile hema. Niliupanda mwamba ule na kisigino changu kibovu kama mbuzi wa miaka miwili, nikawafikia, nikasimama kati yao.

"Hakipo."

"Tutakiona tu, Wino, tumebakiza upande wa—"

"Hakijawahi kuwepo. Sijawahi kufika hapa. Nilikichora."

Nikawaeleza chambo. Nilieleza desturi, wezi wa ramani, mkuu wa chumba aliyedhani ni ndege. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona napungua. Nilipomaliza, Darubini alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Chambo," alisema. "Vibarua wangu wamechimba chambo. Siku nne."

Mke wangu aliniuliza taratibu, kama anavyowauliza wajawazito tarehe zao. "Yule ngamia aliyekulilia?"

"Hakuna ngamia."

"Siku tatu bila maji?"

"Nilikuwa ghorofa ya pili. Palikuwa na bomba kwenye ukumbi."

Ningetoa jicho ili acheke. Hakucheka. Aliangalia bonde lote, kiti, kabati, foleni ya wajawazito, halafu akaniangalia mimi, na sikuona mahali popote aliponiweka.

"Kuna mtu nilimkataa kwa ajili ya kisima hicho," alisema.

Sikuuliza ni nani. Darubini alikuwa akiutazama mchanga kwa makini mno kwa mtu asiye na darubini.

Tulishuka bila mtu kumshika mtu. Kisimani, mke wangu alikaa ukingoni muda mrefu, miguu ikining'inia ndani. Mimi nilisimama hatua tano, Darubini hatua tano upande wa pili. Nilihesabu kuhakikisha ni tano.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "mmoja alikipa jina, na mwingine akakichimba."

"Ndiyo," nilisema.

"Ndiyo, shemeji," alisema Darubini.

"Na mimi mwenye kisima sijaonja hata tone."

Aliinuka, akaenda garini, akarudi na beleshi. Alipita mbele ya Darubini, akalitia mkononi mwangu.

"Haya, bwana mchoraji. Ingia."

"Mimi?"

"Ulichimba siku mbili kwa sahani. Leo una beleshi."

"Shemeji, ni mtu mzima," alisema Darubini. "Tusaidiane naye."

"Wewe ulishachimba. Wewe vuta ndoo."

"Vibarua ndio waliochimba," nilisema. Nilitaka jambo hilo lieleweke.

Darubini alinifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye gari lake. Lilikuwa fundo zuri sana, na gari ni lake, na mambo hayo mawili hayakunipa raha. Nikashuka.

Mchanga wa juu ulikuwa mwepesi. Nilijaza ndoo, ikapanda, ikashuka tupu, nikajaza. Ndoo ya ishirini vidole vyangu vilivyozoea kalamu vilitoa malengelenge. Ya arobaini yalipasuka. Sikuacha kuchimba. Kuta za mawe zilipanda mpaka kifua kikawa bega, bega likawa kichwa, na kilichobaki cha dunia kikawa duara la anga, la buluu, kama lile nililolichora mimi, ila safari hii nilikuwa ndani yake.

Ubaya wa kisima ni kwamba huoni juu. Unasikia tu. Nilisikia ndoo ikimwagwa. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa, kisha chai ikimiminwa kutoka chupani, kikombe kimoja, cha pili. Nikasubiri cha tatu. Nikasikia sauti yake, ile ya chini ambayo huitumia kwa wagonjwa, na sauti ya Darubini ikajibu neno moja. Kisha kimya. Nimeishi miaka sabini na mmoja na sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile.

"Mnasema nini huko?"

"Hatusemi kitu," alijibu mke wangu. "Chimba."

"Basi semeni. Mtu akiwa chini anahitaji kusikia watu."

"Unataka tuseme nini?"

"Chochote. Kwa sauti."

Wakanong'ona. Nina hakika walinong'ona kwa makusudi. Nikachimba kwa hasira, ndoo baada ya ndoo, na mchanga ukaanza kubadilika rangi, kutoka nyeupe hadi kahawia, ukawa mzito, ukashikana kama unga uliotiwa maji. Baridi ikapanda kwenye nyayo. Niliacha beleshi, nikafukua kwa viganja, na shimo dogo kati ya miguu yangu likajaa polepole, maji meusi kwanza, halafu ya rangi ya chai. Nilichuchumaa nikayatazama. Sikuyaita mara moja. Kwa muda kidogo yalikuwa ya kwangu peke yangu, na ilikuwa mara ya kwanza katika jambo hili lote kuwa na kitu nilichokifanya kweli.

"Yametoka," nilisema.

Niliwasikia wakikimbia. Mchanga ukaniangukia shingoni, na vichwa viwili vikatokea juu, sikio kwa sikio.

"Ya baridi?" mke wangu aliuliza.

"Ya baridi."

Aliangalia chini, na kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake sikuweza kuusoma uso wake hata kidogo. Kikombe cha bati kikashuka taratibu, kimefungwa kwenye uzi.

"Chota basi, baba watoto."

Nilikipokea kwa mikono yote miwili. "Ngoja kwanza," nilisema. "Darubini, sogea kando huko. Unanizibia mwanga."